Ushahidi wa mazingira (Rwanda)

Ushahidi wa mazingira ni ule usioonyesha tendo la jinai lenyewe bali mambo yanayolizunguka, ambayo mahakama huyaunganisha ili kufikia uamuzi. Aliyeona kisu kikichoma ni shahidi wa macho. Aliyemwona mshtakiwa akitoka mbio na shati lenye damu ni shahidi wa mazingira.

Mkazi wa Niboye, sekta (umurenge) ya wilaya ya Kicukiro mjini Kigali, akishtakiwa kwa mauaji hukumu yake huandikwa na majaji. Rwanda ilirithi mengi katika sheria za Ubelgiji, ila haikurithi juri, yaani jopo la raia wa kawaida wanaoamua hatia. Kilichoikaribia zaidi ni mahakama za gacaca, zilizoenea nchi nzima kuanzia 2005 hadi 2012, ambako majirani waliochaguliwa, inyangamugayo, walisikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya 1994 bila mawakili. Huko mtu angeweza kutajwa kuwa alionekana kwenye kizuizi cha barabarani akiwa na rungu. Hapo ndipo penye ugumu: kusimama kwenye kizuizi hakusemi nani aliua, wala nani alilazimishwa kusimama.

Kipimo kinachojulikana zaidi Afrika Mashariki kiliwekwa na Mahakama ya Rufani ya kanda hiyo mwaka 1949, katika kesi ya Kipkering arap Koske: mazingira yasipatane kabisa na kutokuwa na hatia, wala yasielezeke kwa namna nyingine yoyote ya busara. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilitumia kipimo kinachofanana nacho.

Kesi ya Georges Rutaganda, kiongozi wa wanamgambo wa Interahamwe, inahusu Kicukiro yenyewe. Tarehe 11 Aprili 1994 askari Wabelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka shule ya ufundi ya ETO. Waliokimbilia pale wakashambuliwa, na wengi wakaongozwa hadi kilima cha Nyanza na kuuawa. Mwaka 1999 Rutaganda alihukumiwa kifungo cha maisha, lakini majaji hawakuona uhusiano kati ya matendo yake na vita vya serikali dhidi ya waasi wa RPF. Rufani ya 2003 iliuona, kwa kuangalia jinsi alivyowaongoza Interahamwe bega kwa bega na Walinzi wa Rais, ikamtia hatiani pia kwa uhalifu wa kivita. Rufani hiyo hiyo ilifuta hatia yake ya kumuua mtu mmoja, iliyotegemea mashahidi wa macho. Wanaodhani jicho hushinda mazingira daima waisome hukumu hiyo.

Kwa Kanali Théoneste Bagosora mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2008 alipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari, lakini si ya kula njama kabla ya Aprili 1994: orodha za majina na mafunzo ya wanamgambo, walisema majaji, vingeweza pia kuwa maandalizi ya vita dhidi ya RPF. Wengi waliudhika, lakini kisheria hoja hiyo ni nzito.

Juri, ile ambayo Rwanda haikuirithi, nayo ilisikiliza kesi za Wanyarwanda kuhusu matukio ya 1994 huko Brussels, ikawatia hatiani wanne mwezi Juni 2001. Wakati huo wajumbe wa juri Ubelgiji walijibu ndiyo au hapana tu, hivyo uzito walioupa kila dalili hauonekani popote katika uamuzi wao. Sheria ya Desemba 2009 ndiyo iliyowataka waeleze sababu zao kuu.