Watu wa Katikati

Historia huandikwa kwa majina ya wakubwa. Jiwe la msingi huwekwa na mheshimiwa, lakini jina la msimamizi aliyekesha na mafundi halionekani popote. Katika makampuni nako mambo ni hayo hayo.

Hapa kwetu Sakina, kandokando ya barabara ya Namanga, vibanda vya mawakala wa pesa za simu vimejaa. Zamani tuliwakabidhi makondakta wa mabasi bahasha zenye ada za watoto, tukiomba Mungu zifike. Ni nani waliotuondolea adha hiyo?

Si mkurugenzi mkuu. Ndani ya Vodafone ya Uingereza, wazo la M-Pesa lilisukumwa na Nick Hughes, ofisa wa ngazi ya kati. Alijua kwamba mradi wa kuwahudumia maskini usingeweza kugombea fedha za kampuni na miradi yenye faida ya haraka. Basi akazitafuta nje. Serikali ya Uingereza ilitoa ruzuku ya karibu pauni milioni 1, nayo Vodafone ikachangia kiasi kama hicho. Mlango ukafunguka.

Kisha Susie Lonie akatumwa Kenya. Majaribio yalianza Oktoba 2005 pamoja na Safaricom na shirika la mikopo la Faulu, kwa mawakala 8 na wateja wasiofika 500. Lengo lilikuwa watu walipe mikopo yao kwa simu. Wateja wakafanya yao: wakatumiana pesa, na wenye biashara wakaziweka humo usiku zisiibiwe. Ingekuwa rahisi kuandika katika ripoti kwamba wateja hawakufuata maelekezo. Lonie na wenzake waliona somo, wakabadili mpango. Machi 2007 huduma ilizinduliwa Kenya ikiwa ya kutumiana pesa, na Aprili 2008 ikaanza kwetu kupitia Vodacom.

Sikatai kwamba wakubwa walipaswa kuridhia. Lakini mkubwa huletewa taarifa iliyokwisha kuchujwa, na karani wa dirishani hana sauti. Mtu wa katikati ndiye husikia pande zote mbili. Akinyamaza, kampuni nzima imekuwa kiziwi.

Katika ofisi zetu nyingi, msimamizi aliyejaribu akakosea huandikiwa barua, na asiyejaribu lolote hustaafu kwa sherehe. Wahenga walisema kupotea njia ndiyo kujua njia. Tukiwazuia watu wa katikati wasipotee hata kidogo, tusishangae njia mpya zikigunduliwa na wengine, nasi tukizilipia ushuru wa kupita.