Draiva ya gofu: Mambo ya kujua kabla ya kujinunulia au kumzawadia mtu

Draiva ndiyo fimbo yenye kichwa kikubwa na mpini mrefu ambayo mchezaji wa gofu huitumia kuanzia shimo, hasa mashimo marefu. Kazi yake ni moja: kupeleka mpira mbali na kuuacha kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, si vichakani.

Ni fimbo inayomeza pesa pia. Draiva mpya ya toleo la karibuni kutoka kampuni kama Callaway, PING, TaylorMade au Titleist huuzwa takriban dola 600 nchini Marekani. Hizo ni zaidi ya Sh75,000 za Kenya, au karibu Sh1.5 milioni za Tanzania, kabla ya usafirishaji na ushuru.

Kwa mchango wa ofisi wa kumuaga bosi anayestaafu, hizo si hela za mchezo. Na hapa ndipo wengi huponzeka: wanachagua kwa jina na bei, kumbe draiva inatakiwa ilingane na swingi ya mwenye kuitumia. Isipomfaa, itaishia kwenye buti la gari hata kama ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote dukani.

Haya ndiyo ya kuangalia.

Anapiga kwa mkono gani?

Draiva ya mtu wa kulia haitumiki na mtu wa kushoto. Uso wake unaelekea upande mmoja tu, kwa hiyo ukikosea hapo hakuna cha kurekebisha.

Mkono wa kuandikia usimdanganye mnunuzi. Phil Mickelson, Mmarekani aliyeshinda mashindano makubwa sita, hutumia mkono wa kulia kwa mambo mengine lakini gofu anapiga kwa kushoto. Njia ya uhakika ni kuangalia fimbo ambazo mhusika anazo tayari.

Lofti: namba iliyoandikwa chini ya kichwa

Lofti ni pembe ya uso wa draiva, na hupimwa kwa nyuzi. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mpira unavyopaa kwa urahisi.

Draiva nyingi madukani zina nyuzi 9, 10.5 au 12. Nyuzi 9 humfaa mwenye swingi ya kasi. Nyuzi 10.5 ndiyo chaguo la wachezaji wengi wa kawaida. Nyuzi 12 na kuendelea huwasaidia wanaoanza, wazee na yeyote mwenye swingi ya taratibu.

Wanaume wengi huikwepa nyuzi 12 wakidhani ni ya akina mama. Hiyo ni fahari ya bure. Mwenye swingi ya taratibu akichukua nyuzi 9, mpira unaruka chini na kutua mapema. Lofti kubwa pia hupunguza mpira kukatika pembeni, tatizo linalowasumbua wengi wanaoanza.

Habari njema ni kwamba draiva nyingi za sasa zina shingo inayozungushwa kwa ufunguo wake maalumu, na lofti ikapanda au kushuka kwa nyuzi moja hadi mbili hivi. Kwa zawadi, draiva ya nyuzi 10.5 inayorekebishika ina hatari ndogo kuliko ile isiyobadilika. Marekebisho hayo hufanywa kabla ya mchezo. Sheria hairuhusu kubadilisha tabia ya fimbo wakati raundi inaendelea.

Shafti: herufi ndogo yenye maana kubwa

Shafti ni mpini, na kwenye draiva za sasa karibu zote ni za kaboni. Huwa na herufi inayoonyesha ugumu wake:

- L: laini, hutengenezwa hasa kwa wanawake
- A au M: laini kiasi, kwa wakubwa wa umri na wenye swingi ya taratibu
- R: ya kawaida
- S: ngumu
- X: ngumu zaidi, kwa wenye kasi kubwa

Kwa makadirio, anayezungusha fimbo kwa kasi ya maili 85 hadi 95 kwa saa huanzia R, wa 95 hadi 105 huanzia S, na anayezidi hapo huijaribu X. Wachezaji wa PGA Tour wana wastani wa takriban maili 115. Kampuni hazina kipimo kimoja cha pamoja, hivyo R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko R ya nyingine.

Jinsia peke yake haitoshi kuamua. Kuna wanawake wanaohitaji R au S, na kuna wazee wa kiume wanaocheza vizuri zaidi na A.

Urefu nao unahesabika. Draiva nyingi dukani zina inchi 45 hadi 46. Mpini mrefu huongeza kasi, lakini hufanya iwe vigumu kugonga mpira katikati ya uso. Tiger Woods aliposhinda Masters mwaka 1997 draiva yake ilikuwa na inchi 43.5 tu.

Kichwa: maneno yanayofuata jina

Sheria inaruhusu kichwa kisichozidi sentimita za ujazo 460, na draiva nyingi mpya zinafika hapo. Tofauti iko kwenye mpangilio wa uzito ndani yake.

Neno "Max" kwa kawaida humaanisha kichwa kinachosamehe: hata mpira ukigongwa pembeni kidogo, haupotezi mwelekeo sana. "LS" au "LST" humaanisha mpira unazunguka kidogo hewani, na hizo ni za wenye swingi ya kasi na ya uhakika. PING hutumia "SFT" kwa draiva inayosaidia mtu wa mkono wa kulia ambaye mipira yake hukimbilia kulia.

Asiyejua kiwango cha anayemnunulia achukue ya aina ya "Max". Ile ya LS aliyoiona kwenye televisheni mikononi mwa staa imepangwa kwa mtu anayepiga mamia ya mipira kila wiki.

Nairobi si Mombasa

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mpira unaopigwa Muthaiga au Karen husafiri mbali zaidi kuliko ule ule ukipigwa Nyali au Dar es Salaam Gymkhana. Ila hewa nyepesi pia huubeba mpira kidogo, hivyo unaruka ukiwa umelala. Anayecheza nyanda za juu anaweza kufaidika na lofti iliyoongezwa kidogo.

Pwani kuna upepo wa kaskazi na kusi. Mpira unaozunguka sana ukipigwa kuukabili upepo hupanda juu na kufa hapo hapo. Kwa hiyo draiva aliyosifia rafiki wa Eldoret si lazima iwe na matokeo hayo hayo Mombasa.

Sheria inasemaje?

R&A, inayosimamia sheria za gofu nje ya Marekani na Mexico, huchapisha mtandaoni orodha ya vichwa vya draiva vilivyoidhinishwa. Mnunuzi anaweza kutafuta jina la draiva na lofti yake kabla ya kulipa.

Hilo lina uzito, kwa sababu anayepiga mpira kwa fimbo isiyokidhi sheria hutolewa mashindanoni. Baadhi ya draiva hutengenezwa makusudi zikiwa na uso wenye mrusho kupita kiwango. Kwa mazoezi hazina neno, lakini kwenye mashindano ya klabu ni balaa.

Hata uso halali unaweza kupita kiwango kwa kutumika sana. Mei 2025, draiva ya Rory McIlroy ilifeli kipimo kabla ya PGA Championship kuanza, akalazimika kutumia nyingine.

Jambo jingine: mchezaji haruhusiwi kubeba zaidi ya fimbo 14. Zawadi ikifanya ziwe 15, moja lazima ibaki nyumbani.

Mtumba ni sawa, feki ni hasara

Kikomo cha mrusho wa uso kimekuwepo kwa miaka zaidi ya 20. Ndiyo maana draiva nzuri ya miaka mitano iliyopita haijaachwa mbali na mpya, na bei yake huwa imeshuka sana.

Kabla ya kununua iliyotumika, uso ukaguliwe kama una ufa, sehemu ya juu kama ina bonde, na mpini kama umekwaruzika sana. Kichwa kikitikiswa kikatoa sauti ya kitu kinachogongagonga ndani, muuzaji aeleze.

Feki nazo zipo sokoni. Dalili ya kwanza ni bei: draiva iliyotoka mwaka huu, mpya kabisa, kwa robo ya bei yake. Nyingine ni maandishi yasiyonyooka, rangi iliyofifia, na namba ya usajili iliyokosekana au ambayo kampuni haiitambui. Muuzaji wa Instagram anayekataa kupiga picha ya namba hiyo aachwe aende zake.

Kwa zawadi ya siri

Mshangao unawezekana bila kubahatisha. Picha tatu za draiva anayotumia sasa zinatosha kumpa muuzaji pa kuanzia: uso, sehemu ya chini yenye lofti, na herufi iliyo kwenye mpini. Mke, mume au mtoto anaweza kuzipiga begi likiwa nyumbani.

Mtu mwingine wa kuulizwa ni kedi wake wa kila wikendi. Yeye ndiye anayekwenda kuitafuta mipira vichakani, kwa hiyo anajua inakimbilia upande gani. Kocha wa klabu naye anafahamu kasi ya wanachama wake.

Kwa mtoto, draiva ya mtu mzima isikatwe mpini ili imtoshe. Ikikatwa inakuwa ngumu zaidi, na kichwa cha takriban gramu 200 kinabaki kizito kwake. Seti za watoto huuzwa kulingana na urefu wa mtoto.

Na kama hakuna picha wala kedi wa kuuliza, zawadi bora ni kumlipia kipimo kwa kocha mwenye mashine ya kupima kasi na mruko wa mpira, kisha pesa iliyobaki iwe ya draiva atakayoichagua mwenyewe. Anayeamua kununua moja kwa moja aombe risiti na makubaliano ya kubadilisha, na aiache nailoni kwenye kichwa. Draiva ikishapiga mpira mmoja, kwa muuzaji hiyo tayari ni mtumba.