Mtazamaji au Mshiriki? Funzo la Kamiriithu

Istilahi "mtazamaji" humweka mtu pembeni mwa tendo. Je, yafaa kwa mchezo ambao wanakijiji wenyewe huurekebisha na kuuigiza? Historia ya Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, yatupa jibu.

Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliwapelekea wakulima na vibarua wa huko rasimu ya mchezo wa Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, uhusuo ardhi na ujira. Wanakijiji waliisahihisha lugha yake, wakaongeza nyimbo, wakajenga jukwaa kwa mikono yao. Mazoezi yalifanyika hadharani, na aliyepita aliweza kukosoa. Mchezo ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba serikali ikafuta kibali. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa.

Watu wanaotazama tu hawafutiwi kibali. "Hadhira", neno litokanalo na kuhudhuria, lina nafuu. Lakini "mshiriki" ndilo listahililo, kwa kuwa lamtambua mwananchi kuwa msemaji wa dhiki yake. Haki hiyo mfasiri asimpokonye kwa neno.