Mama Aliona Kabla ya Daktari

Juzi nilikwenda kumtazama shangazi wodini. Muda wa kuona wagonjwa ukaisha, askari akatutoa. Njiani nikajiuliza: sisi tunaomjua tukishatoka, nani atagundua kwamba amebadilika?

Swali hili lina historia. Mwaka 2001 mtoto Josie King, wa miezi 18, alilazwa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, baada ya kuungua na maji ya moto. Akaanza kupata nafuu. Kisha mama yake, Sorrel, akaona mtoto ana kiu isiyo ya kawaida, kila akiona kinywaji analilia. Akasema. Akaambiwa asimpe. Josie alifariki: mwili uliishiwa maji, na alipewa dawa kali ya maumivu kimakosa.

Sorrel hakunyamaza. Kutokana na kisa hicho, mwaka 2005 hospitali ya UPMC Shadyside, Pittsburgh, iliwapa wagonjwa na ndugu zao namba ya simu ya kuita wenyewe kikosi cha dharura. Queensland, Australia, ilifuata mwaka 2013, baada ya kifo cha mtoto Ryan Saunders mwaka 2007. Uingereza ilianza mwaka 2024. Martha Mills, miaka 13, alikuwa amefariki mwaka 2021 ingawa mama yake alieleza wasiwasi wake.

Kila mara mtoto alikufa kwanza, ndipo wakubwa wakasikia.

Huku kwetu ndugu ndio tunaomwogesha na kumlisha mgonjwa. Tunaona mengi. Tatizo ukisema unaulizwa, "Kwani wewe daktari?"