Nyumba ya Mkulima Iliyohama

Wengi wetu tumezoea kudhani ya kuwa nyumba za kale za Uingereza zilikuwa za mawe zote. Sivyo. Katika majimbo ya kusini, kama Kent na Sussex, mkulima mwenye uwezo alijenga kwa miti, na mti alioupenda kupita yote ni mwaloni. Nyumba moja ya namna hiyo huitwa Bayleaf. Ilijengwa mwanzo wa karne ya 15 huko Chiddingstone, katika Kent, na yapata miaka mia baadaye ikaongezwa sehemu nyingine upande mmoja.

Na tuitazame kazi yenyewe. Mwaloni ulichongwa ungali mbichi, maana ukikauka huwa mgumu mno. Maseremala hawakuunganisha nguzo na boriti kwa misumari ya chuma. Walichonga ulimi katika mti mmoja na tundu katika wa pili, wakavitia pamoja, kisha wakatoboa na kupigilia kijiti kikavu cha mwaloni. Kiunzi kilipangwa kwanza chini, kila kiungo kikatiwa alama kwa patasi, ndipo kikafunguliwa na kusimamishwa mahali pake. Nafasi kati ya nguzo zilizibwa kwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, kazi ambayo hatuna haja ya kuwaeleza watu wa vijiji vyetu.

Katikati palikuwa na ukumbi ulio wazi hadi paani. Moto uliwashwa sakafuni, wala hapakuwa na dohani. Moshi ulijitafutia njia kwenye vigae, na makombamoyo yakawa meusi kwa masizi. Madirisha hayakuwa na vioo, ila vijiti vya kusimama na vibao vya kuzuia upepo. Bwana wa nyumba alikaa mwisho wa ukumbi ulio mbali na mlango. Vyumba vya vyakula na vinywaji vilikuwa mwisho wa pili.

Katika miaka ya 1960 ikakatwa shauri bonde la Bough Beech lijazwe maji ya kutumiwa na watu, na Bayleaf ilikuwa humo. Hapo ndipo tuonapo faida ya ulimi na tundu: nyumba ya mawe ingalivunjwa, bali hii ilifunguliwa mti kwa mti tangu 1968, ikachukuliwa hata Singleton, katika Sussex, na mwaka 1972 ikawa imesimama tena katika makumbusho ya majengo ya kale.

Lakini sisi tuna neno moja. Wenyeji wa karne zilizofuata walikuwa wamekwisha kujenga dohani na kuutia ukumbi dari. Mafundi wa makumbusho waliviacha hivyo, wakairudisha nyumba katika hali yake ya karne ya 16. Twawaelewa, kwa kuwa ukumbi ule mrefu ni ajabu kuutazama. Hata hivyo twamkumbuka mama wa kwanza aliyepika humo pasipo moshi machoni. Meko yake hayaonekani tena.