Tanga, Kasia na Injini ya Kupachika katika Ziwa Nyasa

Mtu akisimama Igogwe, katika wilaya ya Rungwe, haoni ziwa. Aonacho ni migomba, mashamba ya chai, na mlima Rungwe uliojifunika ukungu. Basi msomaji ana haki ya kuuliza: watu wa mlimani wana neno gani la kusema juu ya vyombo vya majini? Jibu limo katika mito. Mvua inyeshayo juu yetu hukusanyika katika Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ikateremkia bonde la Kyela, ikaingia Ziwa Nyasa. Maji yetu hushuka huko. Na mengi yaliyotufikia sisi yalipanda kutoka huko huko.

Kabla ya barabara kujengwa, ziwa ndilo lililokuwa mlango wa nchi hii. Wamisionari wa Kimoravia na wale wa Berlin waliofika mwaka 1891 walipitia mto Zambezi, mto Shire na Ziwa Nyasa, ndipo wakapanda milimani. Hata jina la kale la mji wa Tukuyu ni ushahidi. Wajerumani waliuita Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya, kwa kuwa Langenburg ya kwanza, kituo chao cha utawala, ilikuwa ufukoni mwa Nyasa. Kwa hiyo historia ya vyombo vya ziwa hilo ni sehemu ya historia ya kwetu. Katika makala haya nitaeleza sura yake moja ndogo: jinsi injini ya kupachika ilivyokuja kuketi nyuma ya chombo kilichozoea kasia na tanga, na fundisho tulipatalo.

Chombo cha kwanza ni mtumbwi, ambao Wanyakyusa huuita ubwato. Huchongwa kwa gogo moja, na mdomo wake ni mwembamba, ili mawimbi yasiingie kwa urahisi. Wakisi wa Ikombe, mashuhuri kwa ufinyanzi, wamesafirisha vyungu vyao kwa mitumbwi hadi soko la Matema kwa vizazi vingi. Fikiri, ewe msomaji, ni ustadi gani unaohitajika kuvusha shehena ya udongo mkavu juu ya wimbi bila kuvunja chungu.

Tanga lilikuja na wafanyabiashara kutoka pwani. Katika karne ya 19, majahazi ya Jumbe wa Nkhotakota yalivuka ziwa yakibeba pembe za ndovu na, kwa masikitiko yetu, watumwa. Kisha ikaja meli ya moshi. Mwaka 1875 Waingereza waliielea Ilala, iliyopitishwa vipande vipande juu ya vichwa na mabega ya wapagazi pale mto Shire unapokatizwa na maporomoko. Wajerumani nao walileta meli yao, Hermann von Wissmann, kwa njia hiyo hiyo, ikaanza safari mwaka 1893. Ndiyo meli iliyoshambuliwa na Gwendolen ya Waingereza tarehe 13 Agosti 1914 huko Liuli, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, nahodha wake akiwa hajapata habari kwamba vita imeanza.

Tuangalie jambo moja. Meli hizo zilibebwa na watu wetu, lakini hazikuwa zao. Hakuna mvuvi aliyeulizwa mtambo ukae wapi, wala seremala wa kijijini hakupewa nafasi ya kutia mkono.

Injini ya kupachika ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1909 fundi Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alianza kuuza injini ndogo inayobanwa nyuma ya mashua. Ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu tu, na mtu mmoja aliweza kuibeba. Wajapani wa Yamaha waliingia katika biashara hiyo mwaka 1960, na leo jina lao linajulikana katika kila forodha ya Afrika Mashariki. Mtambo huu haukuhitaji jeshi la wapagazi. Ulifika begani mwa mtu mmoja, naye mwenyewe akapaswa kuamua: niupachike wapi?

Swali hilo si jepesi kama linavyodhaniwa. Mtumbwi una ncha mbele na nyuma. Dau la pwani pia. Injini haina pa kushika. Inahitaji tezi bapa, yaani ubao ulionyooka wa nyuma. Katika Ziwa Viktoria, Idara ya Uvuvi ya Uganda ilipohimiza injini hizi katika miaka ya 1950, mafundi wa mtumbwi wa Sese, ule wa mbao zilizoshonwa, ilibidi waukate mwisho wake wa nyuma ili upate ubao wa kubebea mashine. Hapo ndipo tunapoona utamaduni ukifanya kazi. Mgeni ameingia, nyumba imebadilishwa mlango, lakini nyumba haikubomolewa.

Mashua yenye tanga ina mashaka yake zaidi. Nyuma, katikati, pamekwisha kukaliwa na usukani. Injini hulazimika kukaa pembeni, na mara nyingi huwekewa kiti cha mbao au cha chuma, nayo iwekwe mbali kiasi kwamba rafadha isigonge usukani inapogeuzwa. Ubao wa tezi utiwe nguvu kwa ubao mwingine wa ndani, maana injini husukuma chombo kizima kwa kukaza mahali padogo.

Kisha kuna kimo. Injini nyingi ndogo huwa na mguu wa inchi 15 au wa inchi 20, kwa kufuata urefu wa tezi. Juu ya rafadha kuna bamba lililolala; hilo liwe sawa na tumbo la chombo au chini yake kidogo. Injini ikikaa juu mno, rafadha humeza hewa, ikapiga kelele bila kusukuma. Ikikaa chini mno, huburuta maji, na kichwa chake hurushiwa mawimbi. Uzito nao upimwe: mashine, tangi la petroli na nahodha, wote wakikaa nyuma, tezi huzama na omo huelekea mbinguni. Mwisho kabisa ni kamba. Skrubu za kubania hulegea kwa mtikiso. Kwa hiyo injini hufungwa kwa kamba au mnyororo kwenye kiungo imara cha chombo.

Kanuni hiyo ya mwisho sikuisoma kitabuni. Katika miaka ya 1990, nikiwa karani kijana, nilitumwa kwenye vijiji vilivyo chini ya Milima ya Livingstone, ambako mlima umeshuka hadi majini. Tuliondoka Matema alfajiri katika mashua ndogo iliyobanwa injini ya kuazima. Tulikuwa watu saba, pamoja na mama mmoja na mtoto wake mchanga. Kijana mwenye mashua alikwisha kuliacha tanga ufukoni ili apate nafasi ya magunia. Alitaka kuyaacha na makasia, lakini mzee mmoja wa Kikisi alikataa kupanda mpaka makasia mawili yarudishwe.

Tulipokwisha kuipita Ikombe, upepo wa kusini-mashariki ulivuma, ule ambao Wamalawi huuita mwera. Kila wimbi lilipoinua tezi, rafadha ilizunguka hewani na injini ikalia kama mnyama aliyenaswa. Ubao ulikuwa mwembamba, kamba haikuwapo. Mara kimya kikatanda. Tulipogeuka, pale palipokuwa na injini palikuwa na maji tu, na ziwa hilo lina vilindi vya mita 700.

Hakuna aliyesema neno. Mashua ikaanza kukaa ubavu kwa wimbi. Mzee akavuta kasia, akanipa mimi la pili. "Mwanangu," alisema, "fuata mkono wangu, usishindane na maji." Tulivuta kasia hadi jua lilipokuwa kichwani, tukaingia kijighuba chenye mchanga. Mama alishuka kwanza, mtoto akiwa mkavu. Kijana alikaa juu ya jiwe akilia, kwa kuwa mali iliyozama haikuwa yake. Mzee hakumkemea. Alimwambia hivi: "Mashine ni mgeni, mjukuu wangu. Mgeni hupewa kigoda, haachiwi nyumba."

Tangu siku hiyo nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi, ofisini na katika utunzi wangu. Mzee yule hakuichukia injini. Yeye mwenyewe alikuwa amepanda mashua kwa sababu ya mwendo wake, na mama mwenye mtoto mgonjwa angefaidika kuliko sote kama ingetufikisha. Kosa letu lilikuwa kumfanya msaidizi kuwa tegemeo la pekee, na kumpachika bila kukijua vizuri chombo kinachompokea.

Siku hizi ziwani kuna meli za taifa, ikiwamo MV Mbeya II iliyoanza kazi mwaka 2021, na vijana wetu husomea uvuvi Nyegezi na Mbegani. Hayo ni mafanikio. Lakini mtumbwi na mashua ndogo bado hubeba watu wengi, na mwalimu anayefundisha historia ya teknolojia hana haja ya kuanzia nchi za mbali. Awachukue wanafunzi wake hadi ufukoni, awaonyeshe tezi ya mashua, awaulize: ubao huu uliwekwa lini, na kwa nini? Kisha awaulize kama makasia yamo ndani.