Filamu fupi ya kutisha: Chumba kimoja, taa moja na subira

KATI ya aina zote za filamu, ile fupi ya kutisha ndiyo inayomdai mtengenezaji fedha chache zaidi. Haihitaji magari, umati wa watu wala mavazi ya kifalme. Inahitaji chumba, mtu mmoja wa kuogopa na kitu ambacho mtazamaji hakioni vyema. Hata hivyo, aghalabu chipukizi wa kazi hii huanzia pale ambapo wangefaa kumalizia. Hukusanya akiba ya miezi kadhaa, wakanunua kamera ya bei ghali, kisha wakabaki bila pesa za kinasa sauti, bila muda wa mazoezi, na pengine bila hadithi.

Mfano bora wa kinyume cha hayo ulitoka nchini Uswidi. Mwaka wa 2013, David F. Sandberg, aliyekuwa akijikimu kwa kutengeneza vibonzo na filamu za hali halisi, na mkewe Lotta Losten, ambaye ni mwigizaji, walitengeneza filamu iitwayo Lights Out katika makazi yao wenyewe. Urefu wake haufiki dakika tatu. Waliiandaa kwa ajili ya shindano la kundi la Bloody Cuts la Uingereza, na Sandberg akatuzwa kuwa mwelekezi bora.

Hadithi yenyewe ni hii: mwanamke anajiandaa kulala. Anazima taa ya ukumbi mwembamba wa nyumba na kuona kivuli cha mtu kimesimama mwishoni. Anawasha, hakuna mtu. Anazima, kipo. Hakuna anayeeleza kivuli ni cha nani wala kinataka nini. Filamu hiyo ilienea kwenye intaneti mwaka wa 2014, Hollywood ikamwita Sandberg, na mwaka wa 2016 ikatolewa filamu ndefu yenye jina lilo hilo, yeye mwenyewe akiwa mwelekezi na James Wan akiwa miongoni mwa watayarishaji. Iligharimu takriban dola milioni 4.9 na kuingiza zaidi ya dola milioni 148 kote duniani.

Kifaa kilichobeba kazi hiyo yote ni swichi ya taa, ambayo hata mpangaji wa chumba kimoja mtaani Kayole anayo.

KAMERA ISIYOSOGEA

Hila inayotumika ni kongwe na haina gharama. Kamera au simu hufungwa imara juu ya stendi ya miguu mitatu. Kipande cha kwanza hurekodiwa taa ikiwaka, ukumbi ukiwa mtupu. Kisha, bila kuigusa kamera, taa huzimwa, mwigizaji wa pili akasimama mahali pake, na kipande cha pili kikarekodiwa. Wakati wa kuhariri, vipande hivyo viwili huunganishwa pale pale swichi inapobonyezwa. Iwapo mwigizaji wa kwanza anapaswa kuonekana katika vyote viwili, picha hugawanywa: nusu moja inatoka kipande hiki, nusu ya pili kipande kile, na mshono ukafichwa kwenye ukingo wa mlango au kona ya ukuta. Programu ya DaVinci Resolve, ambayo ina toleo lisilolipiwa, inaitekeleza kazi hiyo bila taabu almuradi kompyuta iwe na nguvu ya kutosha.

Kinachoiharibu hila hii ni mambo madogo: mtu amegonga stendi kwa goti, pazia limepeperushwa na upepo, au jua limesogea dirishani kati ya kipande cha kwanza na cha pili.

Kamera iliyotulia ina faida nyingine. Oren Peli, mtayarishaji wa programu za kompyuta ambaye hakuwa amesomea filamu, alitengeneza Paranormal Activity nyumbani kwake San Diego, Marekani, mwaka wa 2006 kwa muda wa siku saba na takriban dola 15,000. Sehemu kubwa ya hofu ndani yake inatokana na kamera iliyowekwa chumbani huku wapenzi wawili wamelala. Hakuna linalotendeka kwa muda mrefu. Mtazamaji, kwa kukosa la kutazama, huanza kuipekua picha kona baada ya kona, na mlango unaposogea kidogo tu, tayari amejitisha mwenyewe.

Kyle Edward Ball wa Canada aliifuata njia hiyo hadi mwisho wake. Filamu yake Skinamarink, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 2022, ilitengenezwa katika nyumba aliyolelewa mjini Edmonton, nayo pia kwa dola zipatazo 15,000. Nyuso huonekana kwa nadra. Tunaonyeshwa dari, zulia na pembe za kuta. Kwa maoni ya mwandishi huyu, dakika mia moja za dari ni nyingi mno, na filamu yake fupi ya awali, Heck ya mwaka wa 2020, ingetosha.

GIZA LINALOONEKANA

Giza la filamu si sawa na giza la kupotelewa na stima. Simu ikipelekwa mahali penye giza hujiongezea mwanga yenyewe, weusi ukageuka kijivu na picha ikajaa chenga. Dawa yake ni kukifunga kipimo cha mwanga: katika simu nyingi, unabonyeza kidole kwenye skrini na kukishikilia, kisha unapunguza mwangaza hadi pembe za chumba zipotee. Halafu weka taa moja tu ya mezani, kando au nyuma ya mwigizaji, kamwe si mbele yake. Uso ulioangazwa kutoka mbele ni uso wa picha ya pasipoti.

Madirisha yakizibwa kwa blanketi nzito, filamu ya usiku inaweza kurekodiwa saa nane mchana, wakati ambapo majirani wako kazini na hakuna anayelala. Jambo jingine la kiufundi ambalo wengi hulipuuza ni kwamba umeme wa Kenya huenda mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa hivyo rekodi picha 25 kwa sekunde badala ya 30, la sivyo baadhi ya taa zitaonekana zikimetameta. Wapo watakaodhani ni mzimu, lakini mhariri hatadanganyika.

SAUTI NDIYO NUSU YA HOFU

Mtazamaji husamehe picha hafifu, ila hasamehe sauti mbovu. Hapa ndipo shilingi elfu chache za kwanza zinapofaa kwenda, yaani kwenye kinasa sauti kidogo cha kubana kwenye nguo. Asiyekuwa nacho na atumie simu ya pili, iliyofichwa karibu na mwigizaji chini ya kitambaa chepesi. Mwigizaji apige kofi moja mbele ya kamera kabla ya kila kipande, ili mlio huo usaidie kulinganisha picha na sauti baadaye.

Mitaa yetu haina ukimya. Kuna matatu, jenereta, mkesha wa kanisa, adhana, na mbwa wa jirani. Kabla ya kuondoka katika kila chumba, wote wanyamaze na kurekodi nusu dakika ya chumba hicho kikiwa kitupu. Sauti hiyo ya utupu ndiyo itakayotandazwa chini ya mazungumzo ili mikato isisikike.

Milio mingine yote yaweza kupikwa jikoni. Bua la muhindi likivunjwa karibu na kinasa sauti huwa mfupa. Alfred Hitchcock, alipohitaji mlio wa kisu kikiingia mwilini kwa ajili ya Psycho ya mwaka wa 1960, alichagua mlio wa kisu kikidungwa kwenye tikiti. Mvua juu ya mabati ni hazina ambayo mtengenezaji wa Stockholm au London hana, na mlio wa bundi, kwa jamii nyingi za hapa, hauhitaji maelezo. Lakini hila iliyo bora kuliko zote ni kuondoa. Acha friji ingurume chini ya tukio zima, mtazamaji aizoee hadi asiisikie tena, kisha ikate. Atajua kuna jambo kabla hajaona chochote.

Muziki wa watu usichukuliwe bila idhini. Sauti mbili za kinanda zilizorekodiwa nyumbani zinafaa kuliko wimbo mtamu utakaosababisha filamu kuondolewa mtandaoni.

DAMU, BASTOLA NA MAJIRANI

Kuhusu damu, machache yatosha. George Romero alitumia sharubati ya chokoleti katika Night of the Living Dead ya mwaka wa 1968, kwa kuwa filamu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Kwa filamu ya rangi, chemsha sukari na maji hadi yawe mazito, tia rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo ili isingʼae kama soda. Damu halisi ya mnyama haifai. Hunuka, huganda na huweza kuleta maradhi. Isaac Nabwana na kikundi chake cha Wakaliga, Kampala, waliotengeneza filamu ya mapigano Who Killed Captain Alex? mwaka wa 2010, wanajulikana kwa kujaza maji yenye rangi katika mipira ya kondomu na kuipasua kifuani mwa mwigizaji. Gharama yake ni ndogo sana na matokeo yake yanaridhisha.

Usalama ni suala zito zaidi. Mshumaa karibu na pazia au taa ya mafuta mikononi mwa mwigizaji aliyefumba macho vimo katika filamu nyingi za nyumbani, na havifai kuwemo. Mtoto asifungiwe gizani eti ili hofu yake iwe ya kweli. Mrekodi mchana akitazama kitu kinachomshangaza, kisha giza liongezwe kwa mikato. Bastola bandia isitolewe nje ya mlango hata mara moja. Askari wa doria hana namna ya kujua kuwa ni ya plastiki.

Yowe nalo lina uzito wake. Katika mitaa na vijiji vyetu, mtu akipiga mayowe ya "nakufa" usiku, watu hutoka na rungu, na watakayemkuta kavaa shuka lenye damu ataadhibiwa kabla ya kuulizwa. Mjulishe mwenye nyumba, mlinzi, mzee wa mtaa na majirani wa pande zote, kwa siku na saa. Yowe lenyewe laweza kurekodiwa peke yake, mchana, mdomo ukiwa ndani ya mto.

MCHAWI NI NANI?

Hadithi za kutisha hatukopi kwa mtu. Tanzania imetoa filamu kama Shumileta ya Mussa Banzi, na wachuuzi wa River Road waliuza kanda na sidii za Nigeria ambako Living in Bondage ya mwaka wa 1992, yenye kisa cha kafara kwa ajili ya utajiri, ilifungua soko zima. Majini ya Pwani, mizimu ya bara, gari linalompakia abiria aliyekufa zamani: malighafi ipo tele.

Lakini kuna umbo moja ambalo mtengenezaji wa Kenya angefaa kulifikiria mara mbili, nalo ni la bikizee mwenye macho mekundu anayeishi peke yake na kuroga watoto. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa na kuteketezwa eneo la Marani, Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa madai kama hayo, na katika visa vingi kiini halisi huwa ni mzozo wa shamba. Mzungu akiigiza mchawi juu ya ufagio, hakuna ajuza wa London atakayelala kwa wasiwasi. Hapa, filamu ya dakika nne inayosambazwa kwa simu kijiji hadi kijiji huwafikia watu ambao tayari wana jina la mtu vinywani mwao. Ndivyo ilivyo pia kwa watu wenye ulemavu wa ngozi, ambao wamewindwa kwa sababu ya imani za aina hiyo hiyo.

Hili si pendekezo la kuwafunga waandishi midomo. Laweza kuwa mlango wa hadithi bora. Fikiria filamu ambayo bikizee yumo ndani, mlango umefungwa kwa komeo, na kinachotisha ni minongʼono ya majirani wanaokusanyika nje. Inahitaji chumba kimoja, mwigizaji mmoja, na sauti za watu wanane zilizorekodiwa siku nyingine.

KARATASI

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kwa filamu inayotengenezwa nchini kwa nia ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa, na uainishaji wake ni kazi ya bodi ya KFCB. Ulizia masharti na ada kabla ya kurekodi. Vilevile andika mkataba hata kama waigizaji ni binamu zako, ukieleza nani anamiliki kazi na mapato yatagawanywa vipi. Msambazaji wa ile filamu ya Romero alipobadilisha jina lake, ilani ya hakimiliki iliachwa nje kimakosa, na kwa sheria za Marekani za wakati huo filamu ikawa mali ya umma. Watu wameiuza kwa miongo kadhaa bila kuwalipa wenyewe.

Toleo la kwanza likishahaririwa, waite watu watatu ambao hawakuwepo siku ya kurekodi, zima taa, na uketi ukiwatazama wao badala ya skrini. Andika ni sekunde gani walivuta miguu juu ya kiti, na ni sekunde gani walichukua simu zao.